Makofi hayalipi basi: Wakubwa wa shule waitambue timu ya roboti kwa maandishi

Ifuatayo ni hotuba ya mzazi mmoja Mtanzania, fundi mitambo anayeishi katika jimbo la Minnesota, Marekani, aliyoitoa mbele ya wazazi wenzake wazungumzao Kiswahili ambao watoto wao wamo katika timu za roboti za shule za sekondari. Msomaji wetu aliyekuwepo ukumbini ametuletea, nasi tunaichapa kama ilivyosemwa, tukipunguza salamu tu. – Mhariri.

Ndugu wazazi wenzangu, mama zangu, kaka na dada zangu mliotoka Tanga, Kisii, Bukavu, Bujumbura na kwingineko,

Nashukuru mmeitikia wito jioni ya Jumamosi, ilhali wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na wengine mnaiendea. Nimetakiwa niseme juu ya jambo moja tu: ni vipi timu za roboti za watoto wetu zitapata kutambuliwa na wakubwa wa shule. Maneno ni mengi lakini mimi nitaanza na stoo.

STOO YA MAGODORO

Timu ya shule anayosoma binti yangu ilizaliwa ndani ya stoo. Si karakana, si darasa. Ni stoo ya kuwekea magodoro ya mieleka nyuma ya ukumbi wa michezo, haina dirisha, ina soketi moja ya umeme. Na roboti ya mashindano haya si kitu cha kuchezea juu ya meza. Ina uzito wa kilo 50 na ushee, upana kama wa toroli la sokoni, na mota zake zaweza kuvunja kidole cha mtu. Watoto 18 walikuwa wakiijenga humo, jioni wanayasogeza magodoro ukutani na usiku wanayarudisha, maana kocha wa mieleka akikuta godoro limelala vibaya hufoka. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akiwasimamia halipwi hata senti. Mimi nilikuwa napitia pale kabla ya zamu yangu, nawaonyesha jinsi ya kutoboa alumini bila kuvunja keekee.

Mwaka huo walikwenda Duluth, kule kando ya Ziwa Superior, wakarudi na kikombe. Si kikombe cha ushindi wa kwanza, lakini kikombe. Jumatatu asubuhi, kama ilivyo desturi ya shule za huku, matangazo yakasomwa kwenye vipaza sauti. Ikatajwa timu ya mpira wa kikapu, ambayo Ijumaa ilikuwa imefungwa kwa tofauti ya pointi 30, wakapongezwa kwa moyo waliouonyesha. Zikatangazwa keki za kuchangia kwaya. Roboti? Kimya.

Binti yangu aliporudi nyumbani hakulia. Aliniambia, "Baba, usiseme kitu. Sisi tumezoea."

Jamani, hilo neno "tumezoea" ndilo lililonikosesha usingizi. Nimelisikia sana nyumbani, kwa watu wazima waliopanga ndoo kungojea maji ya bomba yasiyokuja. Sasa nalisikia kwa mtoto wa miaka 15 ambaye anaandika programu ya kuiendesha mashine nisiyoweza mimi kuiendesha, na nimeshika spana miaka 30!

JINA LENYEWE LINASEMA

Wapo hapa wazazi wapya ambao wanaona tu mtoto anarudi saa tatu usiku na mikono ina grisi, wanashuku. Niwaeleze kwa ufupi.

Mashindano haya yanaitwa FIRST. Yaliasisiwa mwaka 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa New Hampshire aliyepata jina kwa pampu ndogo za kumpa mgonjwa dawa. Alishirikiana na Profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT, aliyekuwa akiwapa wanafunzi wake wa uinjinia sanduku la vikorokoro na kuwaambia: haya, undeni mashine, kisha zishindane. Shindano la kwanza la shule za sekondari lilifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule mjini Manchester, New Hampshire. Timu zilikuwa 28. Leo ni maelfu, katika nchi nyingi.

Hoja ya Kamen ilikuwa nyepesi. Mtoto wa Kimarekani akiwasha televisheni anaona mcheza mpira anapigiwa makofi, mwimbaji anapigiwa makofi, basi naye anataka kuwa mcheza mpira au mwimbaji. Injinia haonekani. Kwa hiyo wakachukua yale yale ya mpira, jukwaa, rangi za timu, ngoma, marefa, kelele, wakayavalisha kazi ya uinjinia. Na herufi za hilo jina FIRST, ukizifungua moja moja, maana yake ni kutia hamasa na kutambua sayansi na teknolojia. Kutambua! Limo ndani ya jina lenyewe. Ndiyo maana nacheka, ingawa si cheko la furaha, ninapoona shule inaweka jina hilo kwenye fulana za watoto na wakati huo huo haiwatambui.

Kila Januari mchezo mpya hutangazwa, haufanani na wa mwaka uliopita, na watoto wana wiki chache tu za kubuni, kukata, kufunga waya na kujaribu. Uwanjani wanacheza timu tatu kwa tatu, kwa muda wa kama dakika mbili na nusu. Kwa miaka mingi sekunde 15 za mwanzo roboti imejiendesha kwa programu yake, hapana mtu kuigusa, ndipo watoto hushika usukani. Katika mechi za awali unayeshirikiana naye saa nne ndiye utakayepambana naye saa sita, kwa hiyo ukimharibia leo utamhitaji baadaye. (Ningefurahi baadhi ya viongozi wa vyama vyetu kule nyumbani wakae jukwaani siku moja waone.) Ikifika mtoano, timu zinazoongoza huchagua washirika wao hadharani, mbele ya ukumbi mzima, na huchagua kwa hesabu: kuna mtoto amekaa juu kwenye viti siku mbili na daftari, ameandika kila roboti ilifanya nini. Huyo binti yangu. Na tuzo kubwa kuliko zote haiendi kwa roboti iliyoshinda. Inaitwa Impact Award, zamani ikiitwa Chairman's Award, na inakwenda kwa timu iliyofanya kazi ya maana kwa watu wa mahali pake.

Sasa mtu aniambie huo ni upuuzi wa watoto.

KWA NINI HAWATUONI

Sitaki mtu atoke hapa akidhani mkuu wa shule ni adui. Nimewaza sana jambo hili. Mkubwa wa ofisi yoyote, huku au kwetu, anaona kile kilichomo kwenye fomu yake. Mpira wa kikapu umo kwenye fomu: una kocha mwenye posho, una mkurugenzi wa michezo wa shule, una ratiba ya jimbo, una basi, una bima, una mtu wa kupaka chokaa mistari. Roboti imekuja bila kisanduku. Mkuu akiitazama anaona drili, msumeno, betri na watoto waliobaki jengoni usiku. Anaona mashaka. Na aliye na mashaka hufunga mlango kwanza, maelezo baadaye.

Mimi sikulijua hilo, ndipo nikakosea. Baada ya ile Jumatatu ya kimya niliandika barua ya kurasa nne. Niliandika kwa moto kweli kweli. Nikasema ubaguzi, nikasema dharau, nikawatajia kodi yangu ninayolipa, nakala kwa wilaya ya shule, nakala kwa kila mjumbe wa bodi. Nilipoiweka kwenye bahasha nilijiona shujaa. Baada ya wiki mbili jibu likaja, mistari mitano: ofisi inashukuru kwa kuarifiwa kwamba wanafunzi wanatumia mashine za umeme ndani ya stoo isiyo na dirisha, na ufunguo urejeshwe mpaka usalama utakapochunguzwa.

Siku tisa watoto walikuwa nje. Siku tisa! Walikuwa wakifunga boliti ndani ya gereji ya mtu, kwenye baridi ya Minnesota mnayoijua. Hasira yangu ilikuwa ya haki, sitaikana hata leo. Lakini gharama yake sikuilipa mimi, waliilipa watoto.

MAMA WA KISII

Aliyetutoa shimoni ni mama mmoja wa Kisii, mkunjufu, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Yumo humu ukumbini na amenikataza kumtaja. Aliniuliza swali dogo: "Kaka, huyo mama mkuu amewahi kuiona hiyo roboti ikitembea?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa unagombana na mtu juu ya kitu ambacho hajakiona?"

Tukamwalika. Si kuja kutoa hotuba, maana akija na hotuba anakuja na saa mkononi. Tulimwomba aje kutusaidia: tulihitaji mtu asiyejua lolote aijaribu roboti, watoto waone kama maelekezo yao yanaeleweka. Akaja saa kumi na moja jioni, akasema ana dakika 15.

Kijana aliyepewa kazi ya kumwelekeza alikuwa wa Bukavu. Alikuwa amefika nchi hii miezi 14 kabla ya hapo, kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ana Kiswahili, ana Kifaransa, Kiingereza cha kuokoteza. Alimshika mama mkuu akampa vishikio, akamwambia sukuma hiki, vuta hiki, usivute sana. Mnyororo ukachomoka. Watu wazima tulitaka kuruka. Yule kijana akapiga magoti, akamwonyesha jino la gia lililolika, akamweleza kwa nini mnyororo ukilegea unaruka, na kwa nini waliamua wenyewe kuuacha ulegee kidogo ili mota isichemke. Kwa Kiingereza kile kile cha kuokoteza. Mama mkuu hakusema kitu. Alikaa mpaka saa moja usiku. Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni akaniambia kwamba katika mafaili ya shule mtoto huyo ameandikwa hasemi darasani.

Jamani, nikadhani tumeshinda.

Wiki iliyofuata roboti ikatajwa kwenye matangazo. Ikapigwa picha, mama mkuu katikati, watoto pembeni, ikachapwa kwenye jarida la shule. Tukapigiwa makofi kwenye mkutano wa wazazi. Mkurugenzi wa michezo alinipa mkono. Kisha bajeti ya mwaka uliofuata ikatoka, nikaitafuta timu ya roboti ukurasa hadi ukurasa. Sifuri. Basi, sifuri. Posho ya mwalimu, sifuri. Chumba, kile kile cha magodoro.

Danganya toto!

SIFA NI KITU KIMOJA, USAJILI KITU KINGINE

Watanzania wenzangu mliokuwa wakubwa mwaka 1992 mtanielewa upesi. Mwaka ule ule ambao hawa Wamarekani walikuwa na timu zao 28 kule Manchester, sisi tulikuwa tunahangaika na usajili wa vyama. Nilikuwa kijana. Niliona uwanja unajaa, watu wanaimba, nikasema mambo tayari. Mzee mmoja akanituliza: kujaza uwanja si kusajiliwa. Sheria inataka wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na Unguja na Pemba zimo. Majina, karatasi, saini. Bila hiyo wewe ni mkusanyiko wa watu wenye furaha.

Timu ya roboti yenye makofi na isiyo na mstari kwenye bajeti ni mkusanyiko wa watoto wenye furaha. Siku mkuu yule akihama, furaha inahama naye.

Nisemeeni posho ya mwalimu, kwa sababu hapo ndipo watu hunielewa vibaya. Wanasema mwalimu wetu anajitolea, ana moyo mzuri, mbona unataka kuingiza pesa? Sikilizeni. Mkataba wa walimu na wilaya una jedwali la posho za ziada: kocha wa hiki kiasi kadhaa, msaidizi wa kile kiasi kadhaa. Kocha wa kikapu akihama leo, kesho kuna nafasi wazi, lazima itangazwe, lazima ijazwe. Mwalimu wetu wa fizikia akihama, hakuna nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu hapakuwa na nafasi. Kilichoondoka ni moyo mzuri, na moyo mzuri hautangazwi magazetini. Nimeshuhudia timu mbili za jirani zikifa namna hiyo. Watoto walikuwepo, roboti ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu mwenye ufunguo. Kwa hiyo hata kama mwalimu mwenyewe ataichukua ile posho na kuirudisha kununulia betri, shauri yake. Tunachopigania ni ule mstari.

Halafu ipo ile herufi. Wengine mlicheka nilipoitaja mlangoni, mkasema mtu mzima anapigania kitambaa? Kwa desturi ya huku, mtoto aliyeichezea shule yake kwa bidii hupewa herufi kubwa ya kitambaa, anaishona kwenye jaketi, anatembea nayo. Ilianza na wacheza besiboli wa chuo cha Harvard mwaka 1865. Ni kitambaa, ndiyo. Lakini ofisi haiwezi kumpa mtoto herufi bila kwanza kuandika mahali fulani ni nani anastahili, amefanya saa ngapi, kwa shughuli gani inayotambuliwa. Kitambaa kinalazimisha karatasi. Ndiyo maana nakitaka.

Na wakubwa wakituambia kwamba roboti si mchezo wa shule, tusikubali. Hapa hapa Minnesota, chombo kinachosimamia michezo ya shule za sekondari, Minnesota State High School League, kiliyaingiza mashindano ya roboti katika ubingwa wa jimbo tangu mwaka 2012. Ni chombo hicho hicho kinachosimamia hoki na mieleka. Na wakati huo magazeti yaliandika kwamba timu za roboti jimboni zimezizidi timu za hoki za wavulana, na hoki huku ni kama dini. Texas nao, ambako mpira wao wanauabudu, chombo chao cha UIL kilikuwa na ubingwa wa roboti wa jimbo mwaka 2016. Jimbo limekwisha kutambua. Shule yetu inangoja nani?

KIKOMBE SI HATI

Baadhi yenu husema, tushinde kwanza kikombe kikubwa, watatuona. Nitawapa kisa cha kweli.

Mwaka 2004 vijana wanne wa shule ya Carl Hayden mjini Phoenix, Arizona, watoto wa Kimeksiko wasiokuwa na makaratasi, waliingia mashindano ya roboti za chini ya maji huko Santa Barbara, California. Roboti yao waliiunda kwa mabomba ya plastiki na kwa fedha ambazo hazikufika dola 1,000. Ilinuka gundi, wakaipa jina la Stinky, yaani mnukaji. Walipoijaribu huko ilivuja maji, wakaziba nafasi ya vyombo vya umeme kwa visodo vya wanawake walivyonunua dukani. Walijiandikisha katika daraja la vyuo vikuu wakijua watashindwa tu, na wakaishinda MIT. Chuo kile kile cha Profesa Flowers! Imeandikwa, imefanyiwa filamu mwaka 2015, dunia nzima imepiga makofi.

Lakini ulizeni kilichofuata. Mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria ya kuwatoza wanafunzi wasio na makaratasi ada ya mtu wa jimbo jingine na kuwanyima msaada wa fedha za jimbo. Mmoja wa wale wanne, Oscar Vazquez, alimaliza uinjinia chuo kikuu mwaka 2009, akaamua kurudi Meksiko mwenyewe ili aombe kuingia kwa njia halali. Akaambiwa miaka 10 asirudi. Ana mke Mmarekani, ana mtoto, ana digrii, na ana ushindi dhidi ya MIT! Ilibidi seneta aingilie kati, akaruhusiwa kurudi mwaka 2010, akajiunga na jeshi lao.

Kikombe kilikuwepo tangu mwanzo. Ilichokosekana ni hati. Mimi nampenda sana yule kijana, nimeitazama hiyo filamu mara nne, na kila mara namaliza nikiwa na ghadhabu.

JUMANNE

Sasa nije kwenye lililotuleta. Mwaka jana tulifanya tulichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Bodi ya shule huku huchaguliwa kwa kura, na vikao vyake ni vya wazi, mtu yeyote anaingia. Bodi nyingi hutenga muda wa watu kusema, dakika chache kwa kila mtu. Yetu inatoa dakika tatu. Tulikwenda watu 22. Sisi wazazi tulikaa kimya, wakasema watoto sita, na mwalimu mmoja ambaye hatukumtarajia.

Mnajua ni nani? Kocha wa mieleka. Yule wa magodoro. Alisimama akasema wanamieleka wake wawili wamo kwenye timu ya roboti, alama zao zimepanda, na yeye amechoka kukuta chuma kwenye stoo yake, kwa hiyo anaomba hawa watu wapewe chumba. Ukumbi ulicheka, lakini wajumbe waliandika. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kuusema vibaya mpira mbele ya watu. Mzazi wa kikapu si mpinzani wetu.

Tulipata nini? Tulipata posho, nusu ya ile ya kocha msaidizi wa kikapu. Tulipata herufi. Tulipata chumba kilichokuwa cha useremala, kina madirisha. Basi tulipewa la kwenda tu, la kurudi hakuna, nami sijaelewa mpaka leo walitarajia watoto warudi na nini. Lakini jina letu lilikuwa limechapwa kwenye bajeti, na nililikata ukurasa ule nikaubandika juu ya jokofu.

Mwaka huu mama mkuu anahama. Rasimu ya bajeti imetoka wiki iliyopita, na ule mstari wetu haumo. Sababu iliyoandikwa ni upungufu wa fedha. Mstari wa kikapu umo. Wa hoki umo. Wetu ndio mgeni, na njaa ikiingia nyumbani mgeni ndiye anayeondolewa sahani.

Jumanne bodi inakaa. Naomba tusiende na vikombe. Wameviona. Twende na hesabu: watoto wangapi wamo, wasichana wangapi, wangapi hawana shughuli nyingine yoyote shuleni zaidi ya hii. Tumeshahesabu. Wako 31 sasa, wasichana 13, na 17 hawamo popote pengine. Hao 17 ndio hoja yetu yote. Ukiufuta mstari, mpira hauwachukui, kwaya haiwachukui, wanarudi nyumbani kwenye nyumba tupu kwa sababu mimi na wewe tuko kazini. Mjumbe atakayepiga kura aipige akiwa amelisikia hilo kwa sauti ya mtoto, si kwa sauti yangu. Na tusiwatishe. Waombwe kitu kimoja, kile kile, na kila atakayesimama: rudisheni mstari.

Mtu mmoja ameniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kuhusu wazazi wasiokuwa na makaratasi. Tulipokwenda mwaka jana waliochukua nafasi ya kusema walitaja jina na mtaa, hawakuulizwa uraia. Lakini nyakati hizi simlazimishi mtu mwenye hofu. Andika barua, usiweke jina la ukoo, utatupa sisi, mtoto ataisoma. Kukaa nyumbani siku hiyo si woga.

Kijana wetu wa Bukavu atasema wa kwanza. Ameandika mwenyewe, amekataa nisimsahihishie, na kwa kweli Kiingereza chake sasa ni kizuri kuliko changu. Binti yangu atasoma zile hesabu.

Kikao kinaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini anayetaka kusema lazima ajiandikishe kwa karani kabla ya saa kumi na mbili, baada ya hapo hapokelewi hata akilia. Kuna gari tatu zitakazotoka hapa hapa saa kumi na moja na robo. Mama wa Kisii anayo karatasi mlangoni: asiye na usafiri aandike jina, na mwenye nafasi kwenye gari lake aandike viti vingapi.